UFUNDI NA FAMILIA: Kabla ya kumlaumu mtoto, fuata njia ya hewa

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kunoa misumeno ya mbao, na tunawashukuru wote mliotuletea majibu ya zoezi. Mwezi huu tunahamia upande wa chuma. Tutaongea juu ya ile mashine ya kukatia chuma inayoitwa plazma, na shida ya hewa iliyotusumbua karibu mwezi mzima. Ndani ya habari hii sisi walimu tuna kosa letu la kuungama, kwa hiyo msituache njiani.

Mashine inakataje?

Mkipita karibu na karakana mnauona ule mwanga mkali na kusikia mlio kama upepo unaopasua bati. Watoto wanauliza kama ni gesi. Hapana, ni hewa hii hii tunayovuta. Kompresa inaibana ndani ya tangi, mpira unaipeleka kwenye mashine, na mashine inaipitisha kwenye tochi, yaani ule mkono tunaoushika wakati wa kukata. Ndani ya tochi kuna vipande viwili vidogo vya shaba: elektrodi na nozeli. Umeme unaruka katikati ya hewa, hewa inapata joto la kupita nyuzi 10,000, na inatoka kwa nguvu kwenye kitundu chembamba cha nozeli. Joto linayeyusha chuma, na upepo unakisukuma nje kile kilichoyeyuka. Tena hewa hiyo hiyo ndiyo inayoipoza tochi isiungue.

Kwa hiyo hewa ina kazi tatu: kubeba moto, kusukuma na kupoza. Ikipungua au ikiwa chafu, kazi zote tatu zinaharibika pamoja.

Jinsi tulivyokosea

Mnakumbuka karakana ilipewa kazi ya kutengeneza fremu za madawati ya shule yetu ya msingi. Tulianza vizuri wakati wa kiangazi. Mvua zilipoanza, mashine ikaanza ukaidi. Moto unawaka, unatapika cheche, unazimika. Mkato ambao ulikuwa mnyoofu ukawa na meno chini kama msumeno. Nozeli moja ambayo zamani tulikata nayo siku nzima, sasa zinakwisha tatu kwa siku. Na ninyi mnajua habari za vipuri hapa kwetu. Nozeli ziko mjini, na kwenda mjini kunataka kibali cha kutoka kambini, nauli, na siku nzima ya kungoja.

Siku zile aliyekuwa anakata mara nyingi ni binti mmoja wa fungu la pili, mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Nozeli zilipokwisha mkononi mwake, sisi walimu tulimwambia, "Wewe unaikandamiza tochi kwenye chuma." Ni kweli kwamba kukandamiza kunaweza kuchoma nozeli, basi tukaona tumepata jibu. Yeye akasema, "Mwalimu, sikandamizi. Moto inakataa yenyewe." Hatukumsikiliza. Tukamrudisha kwenye kazi ya kusugua kutu kwa brashi, na tochi tukawapa wavulana wawili.

Wiki tatu alisugua kutu. Mama yake alikuja kutuuliza kama mtoto ameharibu mali ya karakana, maana nyumbani alikuwa hali vizuri na anasema hataki tena kurudi. Tulimjibu kwa heshima, lakini jibu lenyewe halikuwa na ukweli. Na wakati huo wote wale wavulana nao waliendelea kumaliza nozeli tatu kwa siku! Hapo tungepaswa kujiuliza, lakini tulisema tu kwamba vijana wa siku hizi hawana makini.

Aliyetufungua macho ni mzee anayejaza upepo matairi ya baiskeli na pikipiki pale sokoni, mtu wa Uvira. Alikuja kuulizia mambo ya mjukuu wake, akasimama mlangoni, akasikiliza mashine inavyotapika. Akasema, "Banamwalimu, hii mashini inakunywa maji. Maji mulitosha lini?"

Wenye Kiswahili cha darasani tulidhani anauliza kama maji ya kunawa yanatosha. Kumbe kwao "kutosha" ni kutoa. Alikuwa anauliza ni lini tulitoa maji ndani ya tangi la kompresa. Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuyatoa tangu kompresa ifike.

Mzee akazima, akaacha presha ishuke, akainama, akafungua kivalvu kidogo kilichoko chini kabisa ya tangi. Yakatoka maji mekundu ya kutu kama chai ya rangi, yakajaza kopo la rangi la lita 4 na kuendelea. Ndani ya karakana palikuwa kimya kabisa.

Maji yanatoka wapi?

Wengi waliuliza: nani alitia maji ndani ya tangi? Hakuna. Yaliingia na hewa. Tupige hesabu kidogo, watoto wa darasa la saba mtatusaidia.

Hewa ya nyuzi 30 ikishiba unyevu inabeba kama gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Siku ya mvua tuseme imebeba gramu 24. Geji ya kompresa ikisoma bari 7, ile hewa imebanwa mara 8, kwa hiyo mita moja ya ujazo inabaki sehemu moja ya nane. Nafasi hiyo ndogo, ikishapoa kurudi nyuzi 30, haiwezi kubeba hata gramu 4 za mvuke. Gramu 20 zinabaki bila mahali pa kukaa, zinageuka matone.

Mashine yetu, kwa kitabu chake, inataka lita 150 za hewa kwa dakika. Kwa saa moja ya kukata ni lita 9,000, yaani mita 9 za ujazo. Mara gramu 20, ni gramu 180. Hiyo ni karibu glasi nzima ya maji kwa kila saa! Mengine yanabaki kwenye tangi, mengine yanaifuata hewa mpaka kwenye tochi. Wakati wa kiangazi hewa ni kavu, ndiyo maana shida ilianza na mvua. Tulidhani ni mkono wa binti, kumbe ni majira ya mwaka.

Maji yakifika kwenye tochi, moto unakosa utulivu na unaila elektrodi na nozeli haraka sana. Mafuta kutoka kwenye kompresa iliyochoka nayo ni mabaya vilevile.

Kosa la pili: mpira

Tulitoa maji, mashine ikapata nafuu lakini haikupona. Moto ulikuwa unaanza vizuri, halafu baada ya muda unafifia. Mzee akauliza tena, "Na hii mpira mulipata wapi?"

Hapa lazima tueleze. Darasa la jirani walilalamika juu ya kelele za kompresa, na walikuwa na haki. Tukaihamisha nyuma ya jengo, na tukaunga mpira mwembamba wa mita 20, wenye viungo vitatu na kona moja iliyojikunja chini ya mlango. Geji ya kwenye kompresa ilisoma bari 8, sisi tukaridhika. Lakini geji inasema habari za mahali ilipo, haisemi habari za upande wa pili wa mpira.

Tukatazama geji ya nyuma ya mashine. Hewa ikiwa imesimama, ilisoma bari 5 na nusu. Tukaweka mashine kwenye kujaribu hewa bila moto, hewa ikaanza kutembea, na sindano ikashuka mpaka bari 3 na nusu. Kitabu kinataka bari 5 hewa ikiwa inatembea. Hapo ndipo tulielewa. Ni kama bomba la maji pale kituoni: likifungwa lina nguvu ya kuumiza kidole, lakini wakifungua mabomba yote pamoja ndoo haijai.

Namna ya kukagua, hatua kwa hatua

Tumeandika hatua hizi kwa ajili ya vijana wote, hata wale watakaofanya kazi mahali pengine siku za mbele. Anza kwenye kompresa, malizia kwenye tochi. Usiruke.

1. Tangi. Kila jioni, zima kompresa, acha presha ishuke mpaka karibu bari 1, vaa miwani, fungua kivalvu cha chini polepole mpaka maji yaishe. Msimu wa mvua fanya hivyo na mchana.

2. Kuvuja. Jaza tangi, zima, andika geji inasoma ngapi. Ngoja dakika 10 bila kutumia hewa. Ikishuka, kuna mahali panavuja. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Penye tundu povu litachemka. Kiungo chenye nyuzi funga kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, chenye mpira funga kwa klipu ya chuma. Waya wa kufungia kuni hautoshi.

3. Mpira. Uwe mfupi kadiri inavyowezekana na wenye tundu pana. Wetu sasa ni mita 6, tundu la ndani milimita 10. Usiukunje, usiukanyage, usiupitishe chini ya mlango.

4. Filta. Kile kikombe cha kutenga maji kiwekwe karibu na mashine. Hewa inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto, na maji yanaonekana inapopoa njiani. Ukitega kikombe mwanzoni tu, maji yatatokea baada yake. Fungua uangalie chujio la ndani. Likiwa limeziba kwa kutu na mafuta, hewa haipiti hata kama mpira ni mzuri. Libadilishe.

5. Geji hewa ikitembea. Hii ndiyo hatua tuliyoikosa. Rekebisha regileta wakati hewa inatoka, siyo wakati imesimama. Fuata kitabu cha mashine yako, maana kila mashine ina kipimo chake. Usidhani kuongeza zaidi ni vizuri zaidi. Presha ikizidi, moto unakataa kuwaka au unazimika, na elektrodi inaliwa haraka.

6. Kitambaa. Weka kitambaa cheupe kikavu mbele ya tochi, hewa itoke bila moto kwa nusu dakika. Kikilowa, kuna maji. Kikiwa na doa la njano au jeusi la utelezi, kuna mafuta, na kompresa inahitaji fundi.

7. Sauti ya valvu. Ukijaribu hewa, ndani ya mashine kunalia "tak" na hewa inatoka. Ikilia "tak" lakini hewa haitoki, kuna mahali pameziba. Kama hailii kabisa, kosa liko upande wa umeme. Mwachie fundi umeme. Mashine nyingi zina taa ya kuonya kwamba hewa haitoshi, na hapo zinagoma kuwasha moto. Huo si ubovu, zinajilinda.

8. Tochi yenyewe. Zima mashine na chomoa umeme kabla ya kufungua. Angalia kitundu cha nozeli: kiwe cha duara, kikiwa kama yai kimekwisha. Angalia kishimo katikati ya elektrodi: kikipita kama milimita 1 na nusu, badilisha. Angalia ile pete ya kuzungusha hewa isiwe na ufa, na vipete vya mpira visiwe vimekatika. Nozeli mpya juu ya elektrodi iliyokwisha ni hasara tupu.

Tangi dogo na subira

Kuna jambo moja ambalo ukaguzi hauwezi kuliponya. Kompresa yetu ni ndogo. Inatoa kama lita 100 kwa dakika, na mashine inakula 150. Kila dakika ya kukata tunapungukiwa lita 50. Tangi letu ni la lita 50. Likishuka kutoka bari 8 hadi bari 5, limetupa akiba ya lita 50 mara 3, yaani lita 150. Gawanya kwa 50, unapata dakika 3, na hiyo ni kama kompresa inazunguka muda wote. Ikiwa imelala mpaka presha ishuke ndipo iamke, muda unakuwa mfupi zaidi. Baada ya hapo lazima upumzike kama dakika moja na nusu tangi lijae tena.

Anayekata kwa haraka bila kungoja anachoma nozeli, na nozeli moja inakula muda mwingi kuliko kule kungoja. Sasa mwanafunzi mmoja anakata, mwenzake anatazama geji na kusema "simama."

Na jambo lingine: ukiachia kitufe, hewa inaendelea kutoka kwa sekunde kadhaa. Inapoza tochi. Usizime jenereta kabla haijamaliza. Tumemwomba mwenye jenereta atupigie kengele dakika 5 kabla ya kuzima saa kumi, naye amekubali. Tunamshukuru.

Usalama, wazazi tusikieni

Tafadhali, asijaribu mtu kutumia mtungi wa oksijeni badala ya kompresa. Baba mmoja alituuliza, tena ni swali zuri. Jibu ni hapana. Oksijeni ikikutana na mafuta kwenye mpira au filta inawaka kwa nguvu sana, na mashine yetu imetengenezwa kwa hewa ya kawaida tu. Msitulete pipa lililokuwa na petroli au mafuta tulikate, hata kama limekaa tupu miezi. Mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Tangi la kompresa lililoliwa na kutu halichomelewi viraka, linaachwa kabisa, maana siku likipasuka linaua. Hewa ya kompresa haielekezwi kwenye mwili wa mtu, hata kwa mchezo. Na watoto wasiutazame ule mwanga. Tumetundika turubai dirishani, msiwaruhusu kulitoboa.

Tulivyomaliza

Tulipobadilisha mpira na kusafisha filta, nozeli ile ile iliyotiwa asubuhi ilikata mpaka jioni. Siku iliyofuata tuliwakusanya wanafunzi wote, tukamwita binti yetu mbele, na tukamwambia mbele ya wenzake kwamba kosa lilikuwa letu na si lake. Jioni tulikwenda mpaka kwao, tukamwambia mama yake maneno yale yale. Mama alitupa viti, akanyamaza kidogo, akasema, "Walimu, mngeniambia hamjui, ningewaelewa." Hatukuwa na la kujibu.

Binti amerudi kwenye tochi. Yeye ndiye anayeshika daftari la hewa: tarehe, saa ya kutoa maji, geji ikisimama, geji ikitembea, nozeli ngapi zimetumika. Mtu akisema mashine ni mbovu, anaulizwa kwanza daftari linasema nini. Wale wavulana wawili nao wameshaandika majina yao kwenye zamu ya kutoa maji. Madawati yamebaki 14, na tunatumaini kuyamaliza kabla shule haijafunguliwa. Mzee wa sokoni tumemwomba aje kila Jumamosi kufundisha mambo ya kompresa. Amekubali kwa sharti kwamba sisi walimu tukae kwenye benchi pamoja na wanafunzi.

Zoezi la nyumbani

Kompresa ile ile ya lita 100 kwa dakika, mashine ile ile ya lita 150, lakini tangi sasa ni la lita 100. Tukianza na bari 8 na kusimama kwenye bari 5, na kompresa ikizunguka muda wote, tutakata dakika ngapi? Na kujaza tena kutachukua dakika ngapi? Leteni majibu kwenye sanduku lililoko mlangoni pa karakana, mwandike jina na darasa. Jibu tutalitoa mwezi ujao.

Mwezi ujao pia tutaongea juu ya kutunza cherehani wakati wa vumbi, kama kina mama wa kikundi cha ushonaji walivyotuomba. Kaeni salama, na Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.